Tupeane uzoefu: mapenzi na chuki vina akili ndani yake? Waumini na msioamini, njooni hapa

Mwenye uzi
Wakuu, jana msibani jamaa wawili nusura wakunjane. Mmoja haamini Mungu, anasema mapenzi na chuki ni homoni tu, akili inafuata nyuma kutafuta visingizio. Mwenzake mlokole anasema Yesu kaamuru "wapendeni adui zenu", na huwezi kumwamuru mtu jambo lisilosikia akili. Mimi nilikuwa nakula pilau langu. Aliyewahi kumpenda au kumchukia mtu kisha akakaa akajiuliza sababu, atiririke. Matusi hapana.

Binti Makorora
Nilimpenda mtu hana kazi, hana adabu, na nilifunga na kuomba kabla. Akili ilikuwa likizo.

Shangazi Wenu
Hata mimi. Tusiendelee.

Mzee wa Hoja
David Hume, Mskoti wa karne ya 18, alishasema akili ni mtumwa wa hisia. Halafu kuna yule mgonjwa wa daktari Damasio aliyetolewa uvimbe kwenye ubongo. Akili ya vipimo ilibaki nzuri tu, hisia zikafifia, akawa hawezi hata kuamua aanze na kazi ipi ofisini. Kwa hiyo anayesema mapenzi ni upuuzi wa kemikali, hata huyo jamaa yangu wa msibani, bado hajafikiri vizuri. Na mimi siamini.

Ustadhi wa Ngamiani
Al-Maida, aya ya 8: chuki juu ya watu isiwapeleke kuacha uadilifu. Chuki inaweza kuja, ila isikalie kiti cha hakimu. Mzee wa Hoja, leo tupo pamoja, usizoee.

Mtoto wa Igoma
Huu uzi umenitonesha. Nilipeleka posa kwa binti, baba yake mzee wa kanisa. Mshenga katoa ya barua, katoa ya kifungua mlango, soda zimeshafunguliwa. Mzee akamruka mshenga, akaniangalia mimi: "Kijana, unasali wapi?" Mshenga akanikanyaga mguu chini ya meza. Ningetaja kanisa lolote yangeisha. Nikasema, "Mzee, sisali. Siamini." Akaikunja ile barua mara mbili, akaichomeka chini ya sahani ya karanga kama anayezuia meza isiyumbe. "Kuleni. Mkimaliza, safari njema." Wajomba zangu wakala kweli!

Nilimchukia, na chuki yangu ilikuwa na hoja: hakuuliza kazi, hakuuliza tabia, kanidhalilisha mbele ya ukoo. Tukaamua bomani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu, unatoa notisi ya siku 21. Notisi ipo ubaoni, binti ananipigia analia: baba kapata ajali ya pikipiki, ndugu wanatakiwa wachangie damu. Nikaenda. Njia nzima nahesabu sababu za kugeuza, zote za maana, na miguu inaendelea. Nimelala pale, nesi ananiambia fumba ngumi, fumbua, na bado namchukia. Alipopata nafuu akaambiwa nani katoa. Kimya. Halafu: "Basi nina upagani mwilini, mwiteni mchungaji." Mpaka leo sijui kama alitania. Ndoa hakuikubali.

Kijiwe Nongwa
Chai.

Shangazi Wenu
Chai au si chai, ya barua ilirudishwa?

Mlokole Halisi
Huyo alikuwa Mungu ndani yako, hukumtambua tu.

Mtoto wa Igoma
Usinipangie. Nilikwenda kwa miguu yangu.

Mzee wa Hoja
Alikwenda kwa sababu anampenda binti na hakutaka kumwona analia. Sababu ni hiyo, Mungu anaingiaje? Halafu Luka 14:26 inasema umchukie baba na mama. Amri gani hiyo ya upendo?

Mlokole Halisi
Soma na Mathayo 10:37, ndiyo inafafanua: usimpende mzazi kuliko Bwana. Mnadonoa mstari mmoja mnakimbia nao.

Mzee wa Hoja
Wewe umedonoa mingapi?

Kijiwe Nongwa
Wazee wa kanisa wote roho ngumu.

Mke wa Mzee wa Kanisa
Koma! Wangu analea watoto wa ndugu zake waliomdhulumu kiwanja. Hana hoja yoyote, ukimuuliza anasema "ni watoto".

Binti Makorora
Igoma, mpelekee mzee kuku, uombe upya.

Ustadhi wa Ngamiani
Asipeleke kitu. Asubiri aitwe.

Kijiwe Nongwa
Adai damu yake.

Mtoto wa Igoma
Ya barua haijarudi. Bomani tulikwenda, na mzee hajakanyaga kwangu, ila kila Krismasi analeta gunia la mchele, analishusha getini anaondoka.

Shangazi Wenu
Na ya kifungua mlango?