Je, deki ya diski inahitaji waifai?

Mwenye Mada: Naomba tujadili kama deki ya Blu-ray yenye waifai inaizidi kwa lolote ile yenye tundu la waya wa mtandao peke yake. Kwa maoni yangu haiizidi, kwa kuwa filamu imo ndani ya diski na husomwa kwa leza, na anayelilia waifai ni mvivu wa kutandaza waya.

Waya Mrefu: Mimi mvivu ninaishi katika nyumba ya kupanga, ruta iko chumba kimoja na runinga iko kingine, na katikati pana kuta mbili za zege. Wewe hodari njoo utoboe, kisha ukamweleze mwenye nyumba.

Fundi Mstaafu: Zege mbili? Basi ndugu yangu, mawimbi ya waifai ya gigahezi 5 yanakufikia yakiwa hoi, na yale ya 2.4, ingawa hupenya vizuri zaidi, hugombana na maikrowevu.

Waya Mrefu: Sikuomba kupimiwa kuta. Filamu mpya ilikataa kucheza, deki ikapakua sasisho kwa waifai hiyo hiyo hoi, ikacheza.

Mpenda Diski: Hilo lina sababu. Diski za Blu-ray hufungwa kwa AACS, mfumo wa kuzuia kunakili ambao funguo zake hubadilishwa, kwa hiyo deki yenye programu ya zamani huweza kushindwa kuifungua diski mpya. Hata hivyo, deki nyingi hukubali sasisho hilo kwa flashi.

Mwenye Mada: Ahsante, flashi! Na ile BD-Live, huduma ya kupata nyongeza za filamu mtandaoni, iliyodai deki iwe na intaneti na hifadhi ya angalau gigabaiti 1, ni nani kati yenu aliyewahi kuifungua mara mbili?

Waya Mrefu: Kwa hiyo kubeba flashi kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye deki si taabu, ila kutumia waifai ndio uvivu?

Mpenda Diski: Kinachoniudhi mimi ni maandishi ya “tayari kwa waifai” kwenye boksi. Nilifika nyumbani nikagundua kwamba utayari wenyewe ni tundu la USB, na kipokezi cha kuchomeka kinauzwa peke yake.

Fundi Mstaafu: Tundu hilo lina faida, maana kipokezi chake unaweza kukisogeza kwa waya wa USB hadi mlangoni, kuta zikawa zimepungua.

Waya Mrefu: Mzee, ziache kuta zangu.