Nimeangalia Star Trek usiku, Jumamosi nikamfuata mjomba Newala, kanikatalia. Naombeni ushauri

Mpwa wa Newala (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Nisiwachoshe, ingawa najua nitawachosha.

Nipo Mtwara mjini, nina kibanda cha kutengeneza simu. Kuna mteja alileta laptopu, hela ikampungukia, akaniachia flashi imejaa Star Trek: The Next Generation, ile ya Kapteni Picard mwenye kipara. Mimi hizi za vyombo vya angani naangaliaga kwa ajili ya mapigano tu. Jumanne usiku nikafungua kipande kinaitwa "The Inner Light", msimu wa 5, nikasema hiki kimoja halafu nilale.

Mapigano hakuna. Chombo chao kinakutana na kidude kinaelea, kidude kinampiga Picard mwale, anaanguka. Anazinduka yuko kijijini, sayari inaitwa Kataan, na mwanamke anamwambia wewe ni Kamin, mume wangu, kazi yako kusuka chuma, ulikuwa unaumwa homa. Anabisha. Miaka mitano bado anakodolea nyota akitafuta chombo chake. Halafu taratibu anazoea, anazaa, anajifunza filimbi. Mvua zinakata, udongo anaupima anauona unakufa, na mwisho anajua kwamba tatizo ni jua lenyewe na pa kukimbilia hakuna. Mke anafariki. Yeye anazeeka mpaka mgongo unapinda, anacheza na mjukuu. Siku moja wanamtoa nje kuangalia kitu kinarushwa angani, na hapo marehemu wake wanamtokea, na ndipo anapoelewa: kinachorushwa ni kidude kile kile kilichompiga mwale. Anazinduka kwenye chombo chake. Zimepita dakika kama 25. Sayari yenyewe iliungua miaka 1,000 nyuma. Ndani ya kidude wamekuta kiboksi, na ndani ya kiboksi filimbi. Anaishika, anaipiga, na anaiweza.

Umeme ulishakatika, nimebaki na mwanga wa laptopu. Nililia, wakuu. Mtu mzima, bisibisi mfukoni.

Sasa shida yangu. Nina mjomba, kaka mkubwa wa mama, yuko Newala si mbali na Shimo la Mungu. Anapiga zeze la uzi mmoja, kibuyu kimewambwa ngozi ya kenge. Kabla hajaanza analamba kidole cha shahada, anausugua upinde kwa utomvu, anautega sikio kwanza kama anasikiliza mtu mlangoni. Nyimbo zake ni za watu: nani alishuka bondeni kuchota maji asirudi, nani alivuka Ruvuma kwa ugomvi wa mkorosho mmoja. Macho yana mtoto wa jicho, na kifua kimekula salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, ya misimu mingi.

Jumamosi nikapanda basi la asubuhi na simu nzuri, kipaza sauti cha kubana kwenye kola, na kistendi. Nikampa sukari, nikamweleza nataka kurekodi nyimbo zake. Akakipapasa kile kipaza sauti kwa muda, akaniuliza: "Simu yako ndiyo mpwa wangu?" Akatundika zeze ukutani akaenda kulala. Saa saba mchana!

Nifanyeje? Nimrekodi kwa siri? Nimtume mama akamwombe? Matusi yawekeni akiba.

Salfa ya Kwanza

Aisee umenisimulia mpaka mwisho na mimi sijaiona. Hata onyo hujaweka. Kwa siri usithubutu, mzee akijua utakuwa umepoteza zeze na mjomba.

Mtani wa Lindi

Nimecheka. Mzee kalala saa saba mchana kukukwepa, huyo ndiye msanii, hata Picard angemsalimia. Na sukari, mtani? Unaenda kuchukua urithi wa ukoo kwa kilo moja ya sukari?

Nahodha wa Msimbati

Mkuu, hicho kipande nakijua tangu enzi za kaseti za video. Kilirushwa Marekani Juni 1992, mwaka uliofuata kikapewa tuzo ya Hugo, ile ya hadithi za kisayansi. Na yule kijana Batai, mtoto wa Kamin anayeacha masomo kwa ajili ya muziki, ni Daniel Stewart, mtoto wa kumzaa wa Patrick Stewart anayecheza Picard. Ukishajua hilo rudia zile sehemu zao wawili, utaona macho ya baba.

Ila wewe umeiangalia ukailia, hukuisikiliza. Wale watu wa Kataan wangeweza kujaza kidude chao nyimbo na picha, aliyekiokota asikilize akiwa amekaa kitini. Hawakufanya hivyo. Walimchukua mtu mmoja wakamzeesha kule kwao, akajifunza filimbi mwaka baada ya mwaka, ndipo wakamwachia filimbi. Mjomba wako hajawahi kuona Star Trek na kakwambia hicho hicho kwa maneno matano.

Bi Mkubwa Tandahimba

Mwanangu, hiyo sayari yenye ukame mbona ni huku kwetu juu. Mama yangu alikuwa anatoka alfajiri na mtungi, anashuka bondeni, anarudi jua limeshawaka, na hayo ndiyo maji ya siku. Ndiyo maana nyumba nyingi za uwanda huu zina kisima cha kuvunia mvua.

Nakuuliza, na unijibu kweli. Mjomba kwetu ndiye mwenye mpwa. Hakuwahi kukuita ukiwa mdogo?

Fundi Mitambo

Naona mnapamba. Mzee ana kifua, kijana ana kibanda mjini. Akijifunza miaka kumi, mzee atakuwa wapi? Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alizunguka Lindi, Masasi mpaka hapo hapo Newala na mashine ya kurekodi kwenye mitungi ya nta. Zaidi ya miaka 100 imepita na sauti zipo. Asingerekodi tungekuwa na nini? Rekodi, mambo mengine baadaye.

Nahodha wa Msimbati

Zipo wapi, Fundi? Ujerumani. Newala nzima nani kazisikia? Na aliyeimba humo, mjukuu wake anaijua hata moja?

Fundi Mitambo

Hapo umenibana kidogo. Lakini bado ni bora kuliko kimya.

Mpwa wa Newala (mleta mada)

Bi Mkubwa, shikamoo. Aliniita. Nilipotoka jandoni alinikalisha barazani jioni mbili, ya tatu sikwenda. Baadaye nikakimbilia Dar kuuza soksi barabarani. Hajawahi kulitaja tena jambo hilo, na hapa sikuliandika kwa sababu nililijua.

Bi Mkubwa Tandahimba

Marahaba. Basi simu iache mjini. Nenda na jembe, mikorosho yake ifagiliwe chini kabla korosho hazijaanza kudondoka. Usiliulizie zeze. Ukiliulizia nitajua.

Salfa ya Kwanza

Nakaa hapa nasubiri mrejesho.

Mpwa wa Newala (mleta mada)

Mrejesho, wakuu. Nimefunga kibanda siku nne, wateja wamenitukana vya kutosha.

Siku mbili za kwanza nimepalilia na kufagia, mgongo wangu ukawa wa Kamin. Mzee kimya, ananiuliza bei ya korosho tu. Jioni ya tatu, ukungu umeshapanda kutoka bondeni, akalishusha zeze akaniwekea mapajani. Hakusema kitu. Nikavuta upinde. Wakuu, ule ulikuwa mlango wa kibanda changu. Mjomba alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamletea maji. Akanishika kidole cha shahada, akakilaza kwenye uzi, akakisogeza nyuma upana wa punje ya mtama. Nikavuta tena. Ikatoka sauti moja, moja tu, lakini ilikuwa yenyewe.

Fundi, kuhusu kurekodi: usiku ule aliniuliza mwenyewe ile simu nimeiacha wapi. Nikasema mjini. Akasema siku nyingine nije nayo, ila si kwa ajili yake. Anataka nimchezee huyo mzee wa filimbi, mimi nimtafsirie kwa Kimakonde, kwa kuwa picha haoni vizuri. Nimeshahamishia kipande kwenye simu.

Kwa hiyo Bi Mkubwa, au yeyote wa uwanda wa juu: mtu anayesuka chuma, kwa Kimakonde nitamwitaje? Najua ndilo swali la kwanza atakaloniuliza.