Saratani ya tezi dume imefika mifupani akiwa na miaka 46: tuulize nini kabla ya kuanza dawa?

Mleta uzi: Wakuu, mgonjwa ana miaka 46. PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) 312, kinyama kilichokatwa kwa uchunguzi kimesoma Gleason 4+5 (alama ya saratani kali), skani imeonyesha madoa kwenye nyonga na pingili mbili za mgongo. Daktari ametoa njia mbili: sindano ya kushusha homoni ya kiume kila miezi mitatu, au kutoa korodani. Bado anataka mtoto. Tuulize nini?

Pingili: Mtoto kwanza: mbegu zihifadhiwe kabla ya dozi ya kwanza, lakini zoezi hilo lisichukue mwezi.

Halafu mchunguzeni miguu. Ikilegea, akihisi ganzi sehemu za siri, au mkojo ukigoma ghafla, msisubiri siku ya kliniki. Hapo uti wa mgongo unabanwa. Aende dharura siku hiyohiyo: hospitali huanza deksamethazoni (dawa ya kupunguza uvimbe), kwa kawaida 16 mg kwa siku, MRI ya mgongo mzima, kisha mionzi au upasuaji. Aliyefika akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Aliyefika amebebwa, mara nyingi hanyanyuki tena.

Dozi_Kamili: Kuhusu sindano. Goserelini ya 10.8 mg ni kijiti kinachopandikizwa chini ya ngozi ya tumbo kila wiki 12. Ubaya wake, siku za mwanzo hupandisha testosteroni (homoni ya kiume inayolisha saratani hii) kabla ya kuishusha, na kwa mwenye madoa kwenye pingili huo ni mchezo wa hatari. Ndiyo maana hutanguliziwa vidonge vya kuzuia homoni hiyo, bikalutamidi 50 mg kila siku, na huendelezwa wiki tatu hadi nne. Mkipewa sindano bila vidonge hivyo, ulizeni sababu.

Upasuaji hauna mpando huo. Testosteroni huanguka ndani ya saa chache, na gharama ni ya mara moja. Ila haurudishwi nyuma. Wanaoogopa mfuko mtupu waulizie upasuaji unaotoa nyama ya ndani na kuacha ganda.

Mleta uzi: Asante sana wakuu. Kwa hiyo tukichagua kimojawapo inatosha?

Dozi_Kamili: Haitoshi, hasa kwa umri huo. Tangu majaribio ya 2015 na 2017 inajulikana kwamba kuongeza dosetakseli (dawa ya kemo, 75 mg kwa kila mita mraba ya mwili, kila wiki 3, mizunguko 6) au abirateroni (vidonge vinavyozuia mwili kutengeneza testosteroni) tangu mwanzo hurefusha maisha kuliko kushusha homoni peke yake. Abirateroni ni 1,000 mg mara moja kwa siku pamoja na prednisoloni 5 mg. Inamezwa tumbo likiwa tupu: saa mbili baada ya kula, na asile tena mpaka ipite saa moja. Chakula chenye mafuta huiingiza mwilini kupita kiasi. Ini lipimwe kila wiki mbili kwa miezi mitatu ya mwanzo, presha na potasiamu angalau kila mwezi. Na mizizi ya kuchemsha iwekwe kando. Vipimo vya ini vikipanda hamtajua nani mkosaji.

Kwa dosetakseli, homa ya 38 ni ya kukimbilia hospitali, si ya panadoli.

Pingili: Nyongeza: msishangilie PSA peke yake. Pimeni na testosteroni. Iwe chini ya 50 ng/dL. PSA ikipanda huku testosteroni iko juu, huenda sindano ilicheleweshwa au haikuingia vizuri. Ikipanda huku testosteroni iko chini, ugonjwa umezoea dawa na matibabu yabadilishwe. Kufikia mwezi wa saba mnatamani PSA isizidi 0.2, ikibaki juu ya 4, hali si nzuri. Na kama uvimbe unakua kwenye ini huku PSA imetulia, ombeni kinyama kipya, maana saratani inaweza kuwa imegeuka aina nyingine.

Mleta uzi: Ana wadogo zake wawili wa kiume.

Pingili: Mgonjwa apimwe kama ana hitilafu ya kurithi kwenye jeni ya BRCA2, maana ikipatikana kuna dawa zinazolenga hitilafu hiyo, kama olaparibu. Wadogo zake waanze PSA wakifika 40, na dada zake waambiwe pia: hitilafu hiyohiyo huongeza hatari ya saratani ya matiti na ya ovari.