Tupeane uzoefu: vijana wakirudi likizo na kukwepa sala ya jioni

Wazazi wenzangu mlioko Uganda, poleni na ada. Wangu wawili wa sekondari wamerudi kutoka bweni. Wadogo zao wanasali bila shida, lakini hawa wakubwa, sala ikitajwa tu, mmoja anakumbuka nguo za kufua, mwingine usingizi unamshika. Mama yao anataka nikaze. Mimi nasita. Kwenu mnafanyaje? Leteni mliyoyafanya wenyewe, mahubiri tutayasikia Jumapili.

Mama Pendo, Busia
Baba, kwanza fupisha. Kwetu mzee alikuwa anaombea ukoo mzima mpaka serikali, ugali unapoa. Siku hizi watoto wanapokezana kuongoza, anayeongoza anachagua Zaburi. Halafu nilipiga marufuku kugombezana ndani ya sala. Mnajua ile ya "Bwana, umguse huyu anayerudi nyumbani usiku"? Mtoto anajua hapo Mungu haongeleshwi, anasemwa yeye. Tulipoiacha, kijana wangu akaanza kuombea mambo yake mwenyewe kwa sauti. Mengine sikuwa nayajua kabisa.

Katekista, Tororo
Mimi nina darasa la kipaimara. Tunapenda kusema vijana wafundishwe na wazee, lakini tazameni mashahidi wetu wa Uganda, wale waliouawa kwa ajili ya imani. Kizito alikuwa na miaka kama 14 alipochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Aliyembatiza siku chache kabla hakuwa padre, ni Karoli Lwanga, mkuu wa vijana wa ikulu, naye hata miaka 30 hakuwa nayo. Basi nawapa wanafunzi wa kidato cha tano wawafundishe wadogo zao, mimi nakaa nyuma.

Jambo la pili, simulizi ile msiikate. Wengi wanaishia kwenye "walikataa kumkana Kristo" na kuruka kwamba Karoli alikuwa akiwakinga wadogo wasiingiliwe na Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Siku nilipoieleza yote, darasa lilikaa kimya, kisha binti mmoja akauliza: na kama anayekutaka ni mwalimu? Tulizungumza hadi giza likaingia. Swali hilo lisingekuja kwa kukariri amri kumi. (Na ukiulizwa hivyo, usiishie kwenye sala. Msikilize mtoto, umfikishe kwa mtu atakayemsaidia.)

Dada wa Jinja
Mimi Mkatoliki, mume wangu wa Kanisa la Uganda. Kila Juni tunakwenda Namugongo na kufika pande zote mbili, kwao na kwetu. Binti yetu aliwahi kuuliza mashahidi wa kwetu ni wangapi. Baba yake akamwambia Wakatoliki 22, Waanglikana 23, na siku ile ya Juni baadhi yao walichomwa pamoja. Naye akajibu, "Kumbe baba mmetushinda mmoja." Nyumba nzima tulicheka. Jumapili tunapokezana makanisa, mawifi wananung'unika, sisi tumezoea.

Kijana wa Arua
Shikamooni. Kwetu mimi ndiye huyo mwenye nguo za kufua, niko kidato cha sita. Wazee, shuleni tunaamshwa kwa kengele, tunasali kwa kengele, tunakula kwa kengele. Tukifika nyumbani, ukiita kwa sauti ile ile ya mwalimu wa zamu, mwili unakataa wenyewe. Bibi yangu ni Mlokole wa zamani, yeye haniiti. Anamenya muhogo, ananiuliza mwezi huu nimemkosea nani na kama nimemwomba msamaha. Kwake sijawahi kukimbia, ingawa maswali yake ni makali kuliko ya padre.

Mwenye uzi
Asanteni sana. Leo yule wangu wa nguo nimempa zamu ya kuongoza. Amekubali, ila kwa sharti kwamba mimi nisiombe hata neno. Mama yao amecheka, mimi bado. Katekista, hao wa kidato cha tano mihula ikianza unawapata wapi, au darasa ni la likizo tu?