Safu ipi ya warushaji ilikuwa kali kuliko zote kwenye kriketi ya Testi? Nina kesi na shemeji

MtotoWaUpanga:

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Kuna ubishi nyumbani umefika pabaya. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mtu wa Australia ile ya McGrath na Warne, humwambii kitu. Mimi nasimama na West Indies, timu ya pamoja ya visiwa vya Karibi, ya miaka ya themanini. Dau ni biriani ya watu sita, anayeshindwa ndiye anayenunua mbuzi.

Nikaona badala ya kupigizana kelele nichukue daftari. Nimepanga wannewanne waliowahi kucheza pamoja, nikaandika wastani wa kila mmoja kwa maisha yake yote ya Testi, zile mechi za kimataifa za siku tano, yaani mikimbio (alama za wapigaji) aliyotoa kwa kila wiketi (mpigaji aliyemtoa). Ukiwa mdogo, jamaa ni mkali.

West Indies 1983: Marshall 20.94, Garner 20.97, Holding 23.68, Roberts 25.61. Ukigawa kwa nne unapata 22.80.

Pakistan 1989: Imran Khan 22.81, Waqar 23.56, Wasim 23.62, Abdul Qadir 32.80. Inakuja 25.70.

Australia 2001: McGrath 21.64, Warne 25.41, Gillespie 26.13, Lee 30.81. Inakuja 26.00.

Afrika Kusini 2012: Philander 22.32, Steyn 22.95, Morkel 27.66, Kallis 32.65. Inakuja 26.40.

Nikajua nimemaliza kesi. Shemeji kaliangalia daftari, kacheka, kasema ninapima pishi kwa uzito wa sufuria. Anadai wastani wa Lee umebeba na miaka aliyobaki peke yake baada ya McGrath na Warne kustaafu, na kwamba mtu mwenye wiketi 708 kama Warne hawekwi kwenye kugawa kwa nne. Kusema kweli hoja ya Lee ilinikaa kooni. Kuna mwenye njia nyingine ya kupima?

KarafuuTatu (Mombasa):

Ndugu yangu, daftari lako si baya, ila umewachanganya wanne kwenye chungu kimoja, na mpigaji hakutani nao hivyo. Anakutana nao kwa zamu. Wawili wa mpira mpya kwanza, kisha wachoke, waje wengine. Hapo pa kupokezana ndipo utaijua safu.

Mimi niliandika daftari la alama kwa miaka mingi hapa Mombasa kabla sijaruhusiwa kushika bati, na hata nilipoanza kupiga nilikuwa wa tano, kwa hiyo muda mwingi niko kivulini naangalia. Kulikuwa na timu ikitoka Nairobi yenye vijana wawili wa kasi, wallahi mpira wao ulikuwa ukilia ukipita sikioni. Ova kumi na mbili za kwanza, kila ova mipira sita, penseli yangu ilikuwa ikitia nukta tu, yaani hakuna mkimbio. Nukta, nukta, nukta. Hakuna aliyethubutu kufungua mkono. Lakini wote tulikuwa tukimsubiri wa tatu wao, bwana mmoja muuza vipuri vya magari, mwenye tumbo la heshima, aliyerusha mpira kama anayemtupia mtoto chungwa. Akianza kuvua kofia ampe mwamuzi, benchi letu lote linakaa sawa. Penseli inaanza kuandika nne, nne, mbili, nne. Tuliwafunga mara tatu timu ile, na hatukuwahi kuwaweza wale vijana wawili hata siku moja.

Sasa mrudie shemejiyo na Kolkata, Machi 2001. Australia wamefika wakiwa wameshinda Testi 16 mfululizo. India wametolewa kwa 171, wako nyuma kwa 274, wakaamriwa warudi kupiga papo hapo. Siku ya nne Laxman na Dravid wakaingia asubuhi, wakatoka jioni, na katikati hakuna wiketi iliyoanguka. Siku nzima. Angalia kitabu cha alama cha zamu ile: McGrath ova 39, mikimbio 103, wiketi 3. Huyo alifanya kazi yake. Gillespie ova 31, mikimbio 115, wiketi mbili. Kasprowicz 35 kwa 139, hana wiketi. Warne, huyo huyo wa 708, ova 34, mikimbio 152, wiketi moja. Ikafika mahali mpira wakapewa Hayden, Slater na Langer, watu wa kupiga, si wa kurusha! Laxman akaondoka na 281. India ikashinda kwa mikimbio 171, idadi ile ile waliyotolewa nayo mwanzo.

Simtukani Warne. Alikuwa akirusha mpira unaogeuka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Lakini Lee siku hizo alikuwa majeruhi, na siku McGrath anapopumua, nyuma yake kulikuwa na mlango wazi.

Mfano wa karibuni zaidi ni Bumrah wa India kule Australia, 2024 kuingia 2025. Wiketi 32 katika Testi tano kwa wastani wa 13.06. Kwenye daftari lako angekuwa mfalme. India ikafungwa 3-1. Testi ya mwisho, Sydney, mgongo ukamkaza, Australia wanatafuta 162, yeye amekaa nje na jezi ya mazoezi. Wakazipata wakiwa na wiketi sita mkononi.

Kwa West Indies hukuwa na wa kumsubiri. Umemvumilia Roberts, umemvumilia Holding, unapangusa jasho useme alhamdulillah, anakuja Marshall, na upande wa pili Garner mwenye futi 6 na inchi 8, mpira unashuka kama nazi. Muuza vipuri hayupo.

Kamau_wa_Parklands:

Mzee wa Mombasa heshima, lakini hapo umewapamba. Hao jamaa walikuwa wanarusha mipira ya kichwa bila kikomo. Baraza la kimataifa lilipoweka sheria mwaka 1991 ya mpira mmoja wa aina hiyo kwa kila mpigaji kwa ova, kila mtu alijua inamlenga nani. Halafu walikuwa wanatembea polepole kurudi mwanzo wa mbio zao, ova za siku zinapungua, wao wanapumzika hukohuko uwanjani. Hiyo ya kutochoka ina siri yake.

Pia hakukuwa na spini ya maana, ule mpira wa taratibu unaogeuka ukigusa chini. Kwenye pichi inayogeuka, wanne wa kasi ni mtu mmoja tu aliyejirudia mara nne. Sydney, Januari 1989: Allan Border, nahodha, mpigaji, mtu aliyekuwa akirusha spini yake ya kubahatisha, alichukua wiketi 11 dhidi ya West Indies kwenye mechi moja. Saba kwa 46, halafu nne kwa 50. Na Marshall, Ambrose na Walsh walikuwemo uwanjani siku hiyo wakipigwa mechi.

Kwangu mimi safu kamili ni ile ambayo ukiipeleka Perth kwenye pichi ya kasi inafanya kazi, ukiipeleka Chennai kwenye pichi inayogeuka inafanya kazi.

KarafuuTatu (Mombasa):

Kamau mwanangu, ya Sydney nayakubali, ilinichoma hata mimi. Ya kutembea polepole pia ni kweli. Ila kumbuka kuanzia katikati ya 1980 hadi walipofungwa na Australia mwaka 1995 hawakupoteza mfululizo hata mmoja wa Testi, na walikwenda India, walikwenda Pakistan. Mechi moja ya Border haigeuzi hayo.

(Na kwa kuwa umetaja Ambrose na Walsh: Pune, 1996, Kenya yetu iliwatoa West Indies kwa 93 na wote wawili walikuwemo. Mechi ya siku moja, si Testi, najua. Naitaja tu kwa sababu nikikaa wiki bila kuitaja naumwa.)

BinMutrah:

Assalaam aleikum. Naandika kutoka Muscat, mimi wa Kizanzibari kwa mama. Ofisini nimezungukwa na Wapakistani, kwa hiyo msinitegemee kutoa hukumu ya haki.

Mnazungumza mpira mpya na nani anapokea baada yake. Pakistan waliligeuza swali lenyewe kichwa chini. Kwao hatari ilianza mpira ukishachakaa. Upande mmoja wa ngozi unaulinda, unaufuta kwenye suruali hadi ung'ae, upande wa pili unauacha uparare. Mwanzo mpira hupinda kuukimbia upande unaong'aa. Ukifika kwenye ova arubaini hivi, pichi ikiwa kavu, mkono ukiwa na kasi, unaanza kupinda kuelekea upande uleule unaong'aa. Mpigaji amesoma vidole vya mrushaji, amejipanga kwa mpira wa kutoka, unaingia. Waqar alikuwa anaulenga kwenye vidole vya miguu. Kuna jamaa hapa idara ya stoo, tukimaliza sala ya adhuhuri huchukua chungwa akanionyesha kwa kidole maganda yaliyokwaruzika na yasiyokwaruzika, kila Mwenyezi Mungu anapojalia.

Kwa hiyo wapigaji waliokuwa wakisubiri wale wa kwanza wachoke, kwa Pakistan walikuwa wanasubiri balaa. Qadir ana 32.80, sawa, lakini muulize West Indies wenyewe Faisalabad 1986: wametolewa kwa 53, Qadir wiketi 6 kwa mikimbio 16, Imran nne. Wastani wa maisha hauonyeshi siku kama hiyo.

MtotoWaUpanga:

Wakuu nimewasoma wote, mzee KarafuuTatu shikamoo.

Nimefanya hivi usiku. Nimewafuta wawili bora wa kila timu kwa kalamu nyekundu, nikabaki na wa tatu na wa nne peke yao. West Indies: Holding na Roberts, 24.65. Pakistan: Wasim na Qadir, 28.21. Australia: Gillespie na Lee, 28.47. Afrika Kusini: Morkel na Kallis, 30.16. Pengo limezidi kuwa kubwa, na Croft, mrushaji mwingine wa West Indies, mwenye 23.30 sijamgusa kabisa. Kaka wa Muscat, kumwita Wasim Akram mrushaji wa tatu ni dhambi, najua, daftari ndilo limesema hivyo.

Nimepiga picha ukurasa, nikamtumia shemeji saa nne usiku pamoja na ya Kolkata, ova kwa ova. Tiki mbili zikawa za buluu saa nne na dakika tatu. Mpaka sasa hivi hajajibu, ila mke wangu anasema asubuhi alimpigia simu kumuuliza kama biriani ya kuku nayo inahesabika.