Migahawa ya Mwanza, acheni kutuuzia mbuzi kwa jina la kondoo!

Mwangaluka wakuu. Nina hasira tangu juzi na hazijaisha.

Baba yangu mdogo ametoka Ngudu kuja kutibiwa huku mjini. Kaomba kitu kimoja tu: mchuzi wa kondoo na ugali. Nikampeleka sehemu moja Nyakato, nje wana ubao umeandikwa kwa chaki "LEO KONDOO". Sahani 10,000, ya mbuzi 6,000. Unalipa kwanza, ndiyo utaratibu wao.

Mzee akachovya tonge la kwanza, akatafuna, akaninong'oneza: "Mwanangu, huyu ni mbuzi."

Amechunga kondoo tangu utotoni, huyo humdanganyi. Na mimi nikaangalia vizuri. Kondoo wa kwetu ana mkia mnene uliojaa mafuta, na mafuta hayo ndiyo mchuzi wenyewe. Yanaelea juu, ukichelewa kula yanaganda meupe pembeni mwa bakuli, midomo inanata mpaka unawe kwa maji ya moto. Ndiyo maana mpishi anayejua hagusi mafuta ya dukani: kitunguu, chumvi, nyanya mbili, moto wa kuni wa taratibu, basi. Ule wetu ulipoa kabisa ukabaki majimaji ya binzari. Nyama kavu, shahamu hakuna.

Nikamwita mhudumu. Eti, "Kaka, mbuzi na kondoo si kitu kimoja tu?" Kama ni kimoja, mbona bei ni mbili? Nikaomba nionyeshwe mkia au kichwa, akaja msimamizi kuniambia nawasumbua wateja wengine. Elfu nne ya ziada hawakurudisha. Ila hela siyo iliyoniuma. Mzee mgonjwa alitoka pale ananiomba radhi mimi, eti kanitia gharama!

Najua mtasema niende mnadani Nyamatala, kule Misungwi, kondoo unamwona akiwa mzima. Mgonjwa simpeleki mnadani. Jana nikapita buchani Igoma, nikakuta paja bado lina mkia wake na mhuri wa mkaguzi, nikapika mwenyewe nyumbani. Mzee kamaliza bakuli, kaomba la pili.

Sasa anayejua wanapopika kondoo wa kweli hapa mjini ataje mtaa na siku. Na aseme kama huo mkia aliuona kwa macho yake.