Watoto wa Mzee Salim: taa ya betri

*Zuhura:* Shikamooni. Taa nyekundu ya betri kwenye gari la Baba imewaka tangu tunatoka Muheza. Gari linatembea vizuri tu. Fundi hapa Tanga anasema oltaneta, ile ya kuchaji betri, imekufa, tununue nyingine. Na kesho alfajiri tunampeleka Baba kliniki Dar 😟

*Ba Mdogo Hamisi:* Marahaba mwanangu. Usinunue kitu kwanza. Taa inawaka sana au kidogo?

*Zuhura:* Kwenye silensa, yaani injini inaunguruma tu bila mafuta kukanyagwa, inafifia, nikikanyaga mafuta inakoza. Nikiwasha taa kubwa na AC ndo kabisa.

*Ba Mdogo Hamisi:* Oltaneta iliyokufa taa ingekoza muda wote. Mkanda vipi?

*Zuhura:* Umekaza, haupigi kelele. Fundi anataka kuchomoa terminali ya betri injini ikiwa inaunguruma, eti gari likizima ndo oltaneta mbovu.

*Ba Mdogo Hamisi:* ASICHOMOE! Zuhura mzuie sasa hivi. Umeme unaruka ghafla, unaunguza daiodi za oltaneta na hata kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari. Hapo ndo mtanunua kweli.

*Shangazi Mwanahawa:* Jamani si mpande basi tu? Msije mkakwama njiani kule Wami na mgonjwa.

*Ba Mdogo Hamisi:* Dada hofu yako ni ya kweli, betri bila chaji haifiki mbali na taa zimewashwa. Ngoja tupime. Huseni ile mita yako ya sola ipo?

*Huseni:* Ipo, nipo nao hapa. Betri injini imezimwa volti 12.4. Imewashwa 12.8.

*Ba Mdogo Hamisi:* Inatakiwa 13.8 mpaka 14.5 hivi. Sasa waya mweusi uache kwenye hasi ya betri, mwekundu gusa bolti ya waya mnene nyuma ya oltaneta. Bolti yenyewe, si kichwa cha waya. Angalia mikono na feni.

*Huseni:* 14.7!!

*Ba Mdogo Hamisi:* Basi oltaneta nzima. Inazalisha, ila karibu volti 2 zinapotelea njiani. Gusa kichwa cha huo waya.

*Huseni:* 12.9

*Ba Mdogo Hamisi:* Hapo hapo. Zima injini, toa hasi ya betri KWANZA, maana bolti ile ina umeme hata gari likizimwa. Spana ikigusa bodi ni moto. Fungua nati, piga msasa, kaza.

*Huseni:* Nati ilikuwa inazunguka kwa vidole. Kichwa cha waya cheusi, kimeungua pembeni.

*Zuhura:* TAA IMEZIMA 🙏🏾 Taa kubwa na AC zote zimewashwa, betri inasoma 14.1.

*Ba Mdogo Hamisi:* Alhamdulillah. Kichwa kilichoungua hakiaminiki, fundi awabanie kipya leo leo kabla hajafunga gereji. Na mumlipe kazi yake. Kisha ichajini hiyo betri usiku, 12.4 haijajaa.

*Shangazi Mwanahawa:* Mkifika Segera mnipigie. Baba asisahau kadi ya kliniki.